Mashine ya vumbi na kifua cha mtoto

SWALI: Nyumba yetu hapa Tudor, Mombasa, ni ya ghorofa na tunaishi humo vizazi vitatu. Sebule, ngazi na vyumba vyote vya kulala vina kapeti ukuta hadi ukuta, na majlisi ya wazee ina mazulia ya kufumwa. Mashine yetu ya kufyonza vumbi imekufa baada ya kutumika miaka mingi. Mwanangu wa pili, wa miaka saba, ana pumu, na siku tukisafisha nyumba usiku wake hukohoa mpaka alfajiri. Mume wangu ameona mashine ya pipa ya wati 2400, anasema nyumba kubwa inataka nguvu. Wifi yangu ananisifia ya betri isiyo na waya. Jirani naye anauza ya mtumba iliyotoka Marekani kwa bei ya kutupa. Nichukue ipi? – Mama wa watoto wanne, Mombasa.

JIBU: Nikupe jibu kwanza, sababu zifuate. Tafuta mashine ya kuburuta, ya waya, inayokusanya vumbi ndani ya mfuko unaojifunga. Iwe na chujio la HEPA, mwili usiovuja hewa, na kichwa chenye brashi inayozunguka kwa mota. Zile tatu ulizotajiwa ziache. Kuna pia jambo ambalo hukuuliza, nalo lina uzito kuliko mashine yoyote: kapeti ya chumba anacholala mtoto huyo iondolewe.

Kikohozi cha usiku wa siku ya usafi kinatueleza mengi. Ndani ya kapeti mnaishi utitiri wa vumbi, viumbe wa jamii ya kupe wasiofika hata nusu milimita, ambao jicho haliwaoni. Chakula chao ni magamba ya ngozi tunayopukutisha kila siku. Hawanywi maji, hupata unyevu kutoka hewani, na hewa ikikaa kavu kwa muda, chini ya asilimia 50 ya unyevu, hunyauka na kufa. Mombasa haiwapi shida hiyo. Katika miaka ya 1960, Reindert Voorhorst na Frits Spieksma wa Leiden, Uholanzi, walionyesha kwamba utitiri hawa ndio chanzo kikuu cha mzio wa vumbi la nyumbani, na baadaye ikajulikana kwamba kinachoudhi kifua zaidi ni kinyesi chao. Ni chembe nzito kidogo. Zikiachwa zitulie, nyingi hushuka zenyewe ndani ya nusu saa hivi, zikitua sakafuni, kwenye makochi, na kwenye mto wa kulalia.

Sasa mashine inapowashwa, brashi na mdomo wake hutimua vumbi. Tena hewa yote inayovutwa mbele lazima itoke nyuma. Kwenye mashine nyingi za zamani, mchanga na nywele hubaki ndani huku vumbi jembamba likipenya na kurushwa tena chumbani, kwa kimo kilekile cha pua ya mtoto. Mzio nao huweza kuja kwa awamu mbili: ya kwanza dakika chache baada ya kuvuta vumbi, ya pili baada ya saa kadhaa, njia za hewa zinapovimba. Ndiyo maana mtoto aliyeonekana mzima wakati wa kusafisha anaweza kuanza kukohoa wakati nyinyi mmeshalala. Kwa hiyo mtu anapokusifia mashine kwa jinsi inavyovuta, muulize hewa inatokea wapi, na inatoka na nini.

Swali hili ni la zamani kama mashine zenyewe. James Murray Spangler alikuwa mfanya usafi katika duka moja kubwa mjini Canton, Ohio, naye alikuwa na pumu. Alishuku kwamba kifaa alichokuwa akifagilia mazulia ndicho kilichokuwa kikimtifulia vumbi na kumkohoza. Akaunganisha mota ya feni, brashi, mpini wa fagio na foronya ya kukusanyia uchafu, akapata hataza mwaka 1908, kisha akamuuzia haki hizo William Hoover. Mgonjwa wa kifua alitaka zulia safi bila kulivuta vumbi lake, na hicho ndicho unachokitafuta wewe leo.

Foronya ile haikuweza kuzuia chembe ndogo, lakini chujio la HEPA linaweza. Kwa kipimo cha Marekani, HEPA halisi hunasa asilimia 99.97 ya chembe za mikromita 0.3. Kwa kipimo cha Ulaya utaona herufi na namba, na H13, ambayo hunasa asilimia 99.95, inatosha kabisa nyumbani. Maboksi yaliyoandikwa "mtindo wa HEPA" au "kama HEPA" bila daraja lolote hayakuahidi kitu. Na chujio peke yake halitoshi. Kama raba za kuzibia mfuniko ni legelege, hewa chafu hupita pembeni bila kuligusa, na hapo chujio hilo la gharama ni chandarua kisichofika kitandani. Mwambie muuzaji akufungulie mashine. Tazama raba zinavyokaa, funga mfuniko mwenyewe, kisha iwashwe na usogeze pua karibu na tundu la kutolea hewa. Ukisikia harufu ya vumbi kwenye mashine iliyokwisha kutumika, elewa kwamba vumbi linatoka.

Tuje kwa mzee wa nyumba na wati zake. Wati huonyesha umeme unaoliwa, hazionyeshi vumbi linalotoka kwenye kapeti. Umoja wa Ulaya ulipiga marufuku kuuza mashine mpya za majumbani zinazozidi wati 1600 kuanzia Septemba 2014, kisha ukashusha kikomo hadi wati 900 kuanzia Septemba 2017, na kapeti zao zinasafishika. Watengenezaji walilazimika kuboresha mota, njia ya hewa na kichwa. Mashine nyingi za pipa zimetengenezwa kwa ajili ya gereji, maji yaliyomwagika na viti vya gari, kazi ambazo wanaoosha magari wanazijua vizuri. Nyingi huja na chujio la sponji au kitambaa, na mdomo bapa usio na brashi. Juu ya kapeti ya manyoya marefu mdomo huo huokota kinachoonekana na kuuacha mchanga uliozama chini. Kwa nyumba yenye mgonjwa wa pumu, mimi nisingeiingiza ndani.

Ya wifi yako ni nyepesi na hupanda ngazi vizuri. Lakini kwa nguvu ya juu, ile ambayo kapeti inaihitaji, chaji huisha upesi, na kwa nyumba kama yenu utajikuta umefika nusu ya ghorofa ya pili imezima. Kikopo chake ni kidogo, lazima kikung'utwe mara kwa mara, na kila kikikung'utwa wingu linapanda. Hilo ndilo tatizo langu na mashine zote zisizo na mfuko, hata za bei kubwa: vumbi ulilolikusanya kwa saa nzima linarudi hewani wakati wa kumwaga. Mfuko unaojifunga unatolewa mzimamzima na kutupwa. Gharama yake ni kununua mipya, na si kila duka Mombasa huiweka, kwa hiyo kabla hujalipia mashine hakikisha mifuko yake inapatikana na uchukue ya mwaka mzima. Mfuko ukijaa sana nguvu hupungua, basi usingoje ufurike.

Ya Marekani usiiguse. Kwao umeme wa majumbani ni volti 120 na huku kwetu ni 240. Ukiichomeka moja kwa moja mota inaungua, na kibadilisha umeme cha kubeba mzigo wa mashine kama hiyo ni kizito na ghali. Hata ingekuwa ya volti zetu, ya mtumba inakuja na vumbi la nyumba usiyoijua, pengine na magamba ya paka ndani ya bomba, na chujio lililochoka.

Brashi inayozunguka niliyoitaja ndiyo hutikisa nyuzi za kapeti na kutoa kilichojificha, lakini iwe na swichi ya kuizima. Mazulia ya majlisi, hasa yenye mashada pembeni, huvutika nyuzi na kuharibika. Hayo yasafishwe kwa kuvuta tu. Kwa ngazi, angalia kama kuna brashi ndogo ya kuchomeka kwenye bomba. Waya uwe mrefu, usiwe wa kuhamahama soketi kila chumba, na uiinue mashine pale dukani, kwa sababu kuna mtu atakayeipandisha juu kila wiki.

Mtu huyo, kama ni dada wa kazi, naye ana mapafu. Mpe barakoa ya aina ya N95, maana ya kitambaa haizuii vumbi jembamba. Afute meza na rafu kwa kitambaa chenye maji kwanza, kisha apitishe mashine polepole, mbele na nyuma, halafu kwa kukata, madirisha yakiwa wazi. Mwendo wa haraka ni kuchosha mkono bure. Mara mbili kwa wiki kwenye vyumba vinavyotumika sana inatosha. Ifanyike asubuhi mtoto akiwa shuleni, na asiingie chumbani kabla ya saa nzima kupita. Yeye mwenyewe asipewe kazi hiyo hata akikua, mpaka kifua chake kiwe kimedhibitiwa. Kufagia kapeti kwa ufagio kukome kabisa.

Kuna familia huita watu wa kuosha kapeti kwa sabuni na maji kila inapokaribia Idi. Sikatazi, lakini kapeti iliyolowa lazima ikauke ndani ya saa 24 hadi 48, la sivyo ukungu huota chini yake, na ukungu ni adui mwingine wa pumu. Kapeti iliyogandishwa sakafuni, kwa unyevu wa Mombasa na wakati wa mvua, haikauki kirahisi. Subirini kiangazi, na feni zifanye kazi usiku na mchana.

Sasa chumba cha mtoto. Mashine nzuri kuliko zote hutoa vumbi la juu na sehemu ya kinyesi cha utitiri, lakini utitiri walio hai hushikilia nyuzi na wengi hubaki. Mwaka 2008, Peter Gøtzsche na Helle Johansen wa Denmark walichapisha mapitio ya majaribio zaidi ya 50 ya njia za kupunguza utitiri kwa wagonjwa wa pumu, na hawakuona nafuu ya maana. Sikwambii haya ili uache kusafisha. Nakwambia ili usinunue mashine ukidhani umenunua dawa. Anapolala mtoto ndipo anapotumia karibu nusu ya saa zake, kwa hiyo hapo pawe na sakafu tupu ya vigae au simenti inayopigwa deki. Akitaka kitu cha kukanyagia, mpe mkeka. Godoro na mto vivikwe mfuko wa zipu uliofumwa kwa ajili ya mzio. Mashuka yafuliwe kila wiki kwa maji ya nyuzi 60. Maji baridi huondoa sehemu kubwa ya uchafu unaoleta mzio lakini hayaui utitiri.

Mazulia yanayokunjika yana tiba tunayoifahamu tangu kwa mabibi zetu, na naipenda kwa sababu inafanya kazi. Euan Tovey na Ann Woolcock wa Sydney walionyesha mwaka 1994 kwamba zulia likianikwa juani moja kwa moja, utitiri waliomo hufa. Siku ya jua kali lianikeni nje, uso chini, kisha lipigwe huko huko, mbali na dirisha la mtoto, na mpigaji asiwe mwenye pumu.

Na nikuombe jambo ambalo najua ni gumu katika nyumba ya pwani. Moshi wa udi na ubani, na wa ile dawa ya mbu ya kuchoma, huwasha njia za hewa zilizokwisha kuvimba, na hakuna chujio la mashine litakaloufuata. Kufukiza si lazima kukome, kufanyike mtoto asipokuwepo na madirisha yafunguliwe kabla hajarudi. Usiku alale kwenye chandarua badala ya moshi.

Mwisho, kikohozi cha mpaka alfajiri. Mtoto mwenye pumu anayeamshwa na kikohozi usiku, au anayehitaji pampu ya buluu zaidi ya mara mbili kwa wiki, pumu yake haijadhibitiwa, hata kama mchana anacheza mpira. Pampu ya buluu hufungua kifua kwa saa chache tu. Uvimbe unatulizwa na pampu ya kuzuia, yenye dawa ya steroidi, inayovutwa kila siku hata asipokohoa, na kwa mtoto wa miaka saba ivutwe kupitia kile kichupa cha plastiki cha kusaidia dawa ifike mapafuni. Ukimwona anashindwa kumaliza sentensi, mbavu zinabonyea akivuta pumzi, au midomo inageuka rangi, mpeni pampu ya buluu na mkimbizeni hospitali saa hiyo hiyo. Kama hayo hayapo, mpeleke kliniki wiki hii, kabla ya kwenda dukani. Beba pampu zake zote, hata zilizokwisha, na umwambie daktari amtazame anavyozivuta.