IMANI YA RAIA NA UTULIVU WA MOYO WAKATI WA MARADHI

Yanapoingia maradhi makuu, Serikali hutoa amri nyingi kwa siku chache, na raia hutakiwa kuzitii kabla hajapata nafasi ya kuzichungua. Je, kutii kwake hutegemea nini? Wako wasemao hutegemea askari, na wako wasemao hutegemea elimu. Mambo yaliyotokea katika pwani ya Malindi na Kilifi mwaka 2020 yaonyesha kwamba majibu hayo mawili hayatoshi.

Mgonjwa wa kwanza wa korona katika Kenya alitangazwa tarehe 13 Machi 2020. Mara shule zikafungwa, ndege za abiria kutoka ng'ambo zikazuiwa, na tangu tarehe 27 Machi ikawa marufuku kutoka nje toka saa moja ya jioni hata saa kumi na moja ya alfajiri. Tarehe 8 Aprili ikafuata amri ya kuifunga Kilifi, pamoja na Mombasa na Kwale. Shehena ya chakula iliweza kupita, lakini abiria hakuruhusiwa kuingia wala kutoka. Kwa Kilifi mambo yakawa hivyo hata mwanzo wa Juni.

Maana ya amri hizo si vigumu kuifahamu. Ugonjwa ule huchukuliwa kwa pumzi na kwa kukaribiana, na mtu aweza kuwa nao asiujue. Lakini kila amri ilikuwa na gharama yake, wala gharama hiyo haikuwaangukia watu wote sawasawa. Karani mwenye mshahara wa mwezi alikaa nyumbani akangoja mwisho wa mwezi. Mgema wa Kaloleni hakuweza kungoja, kwa kuwa tembo la mnazi likilala huchacha, na mangwe ambako wanunuzi wake hukutana zilikuwa zimefungwa. Mvuvi atokaye usiku alizuiwa saa zile zile za kazi yake. Katika Malindi na Watamu, ambako wageni wengi hutoka Italia, hoteli zilikosa watu, na wapishi na watandika vitanda wakarudi makwao mikono mitupu.

Palikuwa na jambo lingine zito kuliko fedha, nalo ni maziko. Kwa Wagiriama, hanga si shughuli ya nyumba moja. Jamaa hutoka mbali, hulala siku kadha, na kutokuja kwao ni aibu kwa walio hai na kwa aliyekufa. Serikali iliamuru wahudhuriaji wasizidi 15. Kumwambia mtu asiende kumzika mjomba wake ni kumtaka aamini kwa nguvu sana kwamba hatari anayoambiwa ni ya kweli.

Hapo ndipo imani kwa Serikali ilipogusana na utulivu wa moyo. Mtu aaminiye kwamba amri imetolewa kwa faida yake huihesabu shida yake kuwa ya muda, na usiku hulala. Asiyeamini hubeba mizigo miwili, hofu ya ugonjwa na hofu ya wakubwa. Njaa ni ile ile kwa wote wawili, lakini huyu wa pili hukosa hata neno la kuwaambia watoto wake wanapouliza haya yote yatakwisha lini.

Siku ya kwanza kabisa ya amri ya kutotoka usiku, tarehe 27 Machi, abiria waliokuwa wakingoja feri ya Likoni huko Mombasa walipigwa na polisi na kurushiwa moshi wa kutoa machozi, ilhali saa ya amri ilikuwa haijafika. Watu waliotakiwa wasikaribiane walisongwa pamoja kwa virungu. Tarehe 1 Aprili Rais Uhuru Kenyatta aliomba radhi mbele ya taifa kwa ukali uliotumika. Kuomba radhi kulikuwa kwema, na si kila mtawala hufanya hivyo, lakini habari ya virungu ilikuwa imekwisha kufika vijijini.

Sababu ya pili ya mashaka haikuwa kosa la mtu. Kila siku Waziri wa Afya, Mutahi Kagwe, au wasaidizi wake, walitangaza hesabu ya wagonjwa. Hadi mwisho wa Julai 2020 waliohesabiwa katika Kenya yote walikuwa kama 20,000, na waliokufa 341. Mtu wa Ganze au Magarini alisikia hesabu hizo, akatazama kijijini mwake, asione kaburi jipya. Akasema, huu ni ugonjwa wa redio. Lakini watafiti wa Kilifi walikuwa wamepima damu ya watu 3,098 waliojitolea kutoa damu sehemu mbalimbali za nchi kati ya mwisho wa Aprili na katikati ya Juni. Wakakadiria kwamba watu kama 4 katika kila 100 walikuwa wamekwisha kuambukizwa, na Mombasa kama 8 katika kila 100. Maana yake ni kwamba ugonjwa ulikuwapo tena umeenea kuliko ilivyotangazwa, na wengi waliopatwa hawakuugua sana. Serikali ilisema kweli kuhusu kuwapo kwa ugonjwa, na mwanakijiji alisema kweli kuhusu makaburi. Kilichokosekana ni mtu wa kukaa naye chini ya mwembe akamweleza jinsi kweli hizo mbili zinavyoweza kusimama pamoja.

Tena nchi hiyo ina kumbukumbu ndefu. Mwaka 1913 Serikali ya Kiingereza, kwa mkono wa Bwana Arthur Champion, ilikuwa ikiwadai Wagiriama kodi na vijana wa kwenda kufanya kazi mbali. Mekatilili wa Menza na mzee Wanje wa Mwadorikola waliwalisha watu kiapo cha kukataa, wakakamatwa na kupelekwa Kisii, kisha wakatoroka wakarudi kwao. Mwezi wa Agosti 1914 Kaya Fungo ililipuliwa kwa baruti. Nyumba zikachomwa, watu wakatozwa faini ya rupia 100,000, na waliokaa kaskazini ya mto Sabaki wakaamriwa kuhama. Watu waliosimuliwa hayo na bibi zao hawawezi kushangaa wakisikia kwamba Serikali imeleta amri nyingine kwa faida yao.

Watafiti wenyewe walilijua jambo hili. Kituo cha KEMRI na Wellcome Trust kipo Kilifi tangu mwaka 1989, na kwa muda mrefu baadhi ya wenyeji walinong'ona kwamba kinachukua damu ya watoto kwa ibada za shetani. Ni hadithi ya mumiani iliyovaa koti jeupe. Kituo hakikuita askari. Kilivitaka vijiji vichague wawakilishi wao, kikawasikiliza, kikajibu maswali yale yale mwaka baada ya mwaka, na kila mtu akaambiwa kwamba anaweza kukataa naye asinyimwe dawa hospitalini.

Kazi hiyo ilijaribiwa mwaka 2020. Mwezi wa Aprili habari zilienea kwamba chanjo ya Oxford huenda ikajaribiwa Kenya, na wengi wakakasirika, wakisema Mwafrika amefanywa panya. Hata hivyo majaribio yalianza Kilifi mwezi wa Oktoba. Watu wazima 400 walikusudiwa, wahudumu wa afya na wenzao wakitangulia, na kila mmoja alielezwa hatari zake na kupewa ruhusa ya kujitoa siku yoyote. Chanjo za kwanza za taifa, zaidi ya 1,000,000, zilipofika Nairobi tarehe 3 Machi 2021, zilikuwa za aina ile ile ambayo baadhi ya watu wa Kilifi walikuwa wamekwisha kuikubali kwa hiari yao.