SOMO: KASI YA MEMORI KWENYE KOMPYUTA YA KIKUNDI

Vikundi vingine siku hizi vinaweka hesabu za akiba na mikopo kwenye kompyuta. Mashine ikienda polepole, tunaambiwa tununue memori yenye kasi zaidi. Kabla ya kutoa pesa za kikundi, hebu tujifunze pamoja.

Memori ni nini?

Fikirini mwekahazina akiwa kazini. Diski ni kabati lake la vitabu. Memori, ile mafundi huita RAM, ni meza yake. Meza ikiwa ndogo, kila saa ataamka kwenda kabatini. Kwa hivyo ukubwa wa meza ni jambo moja, na wepesi wa mikono ni lingine. Mashine yenye gigabaiti 4 husaidika zaidi ikiongezwa ifike 8 kuliko ikiongezwa kasi. Kwa kazi ya barua na hesabu, kasi peke yake huleta tofauti ndogo.

Kasi iliyolala

Memori ya DDR4 iliyoandikwa 3200 inaweza kupitisha megabaiti 25,600 kwa sekunde. Lakini nyingi zikiwekwa tu huanza na 2133 au 2400, yaani kasi ya usalama. Basi kikundi kimelipia kitu ambacho hakitumii!

Hatua za kufuata

1. Kwenye Windows 10 au 11, bonyezeni Ctrl, Shift na Esc pamoja, kisha Performance, kisha Memory. Mtaona kasi na nafasi zilizojaa.

2. Vipande viwili vinavyofanana ni bora kuliko kimoja, kwa sababu data hupata njia mbili. Mkichanganya, cha kasi kitamfuata mwenzake wa polepole. DDR3 haiingii kwenye nafasi ya DDR4.

3. Nakilini hesabu zote kwenye flashi, kisha mwiweke mbali. Hatua hii msiiruke.

4. Mkiwasha mashine, bonyezeni Delete au F2 mfike kwenye BIOS. Tafuteni XMP, kwenye mashine za AMD huenda ikaitwa DOCP au EXPO. Iwasheni, mhifadhi. Kompyuta nyingi za ofisi zinazouzwa zikiwa zimetumika hazina kitu hiki. Ulizeni kabla ya kununua.

5. Pimeni kwa MemTest86, programu ya bure inayoanzia kwenye flashi. Hata kosa moja likitokea, rudisheni kasi ya kwanza.

6. Mashine ikikataa kuwaka, chomoeni waya wa stima, toeni ile betri ndogo ya mviringo kwa dakika chache, kisha mwirudishe.

Tahadhari

XMP ya DDR4 kwa kawaida hupandisha umeme wa memori kutoka volti 1.2 hadi 1.35, na joto huongezeka. Pangusieni vumbi. Tena, memori isiyotulia inaweza kubadilisha tarakimu kimyakimya. Mkopo wa shilingi 5,000 ukisomeka vingine, nani ataaminiwa? Haraka haraka haina baraka. Kitabu cha karatasi kiendelee kuandikwa.

Maswali ya kujadiliana

- Mashine yetu inahitaji meza kubwa au mikono myepesi?
- Nakala ya hesabu zetu iko kwa nani, na ilifanywa lini?
- Ni vijana gani kikundini tutakaowafunza kazi hii?