Nimu: Mchezo Uliopelekwa Maonyeshoni ili Kufundisha Kompyuta

Katika maonyesho yo yote mabanda hayavuti watu kwa kiasi kimoja. Penye mtambo unaonguruma watu husongamana. Penye chati na maelezo marefu hutupa jicho na kupita. Mwalimu wa Shinyanga au Kahama anayekusudia kuwapeleka wanafunzi wake Geita, kwenye maonyesho ya teknolojia ya madini yaliyoanza mwaka 2018, wakiwa na mchezo wa kompyuta walioutunga wenyewe, hatakosa watazamaji. Shida yake itakuwa nyingine. Wageni wataucheza mchezo, watacheka, kisha wataondoka bila kuiona sayansi iliyomo.

Shida hiyo ina umri sawa na michezo ya kompyuta yenyewe, kwa maana baadhi ya michezo ya mwanzo kabisa ilitengenezwa kwa ajili ya maonyesho. Mwaka 1950, mjini Toronto, Kanada, mhandisi Josef Kates alionyesha mtambo wenye urefu wa mita 4 hivi uliocheza mchezo wa alama tatu mstari mmoja. Aliweza kuupunguzia ukali, ili wageni wasikate tamaa. Mwaka 1958 mwanafizikia William Higinbotham, wa maabara ya Brookhaven nchini Marekani, aliwatengenezea wageni wa maabara mchezo wa tenisi kwenye kioo chenye upana wa inchi 5 tu, na mamia ya watu walipanga foleni.

Lakini mfano unaotufaa zaidi ni ule wa Uingereza wa mwaka 1951. Kampuni ya Ferranti ilileta London, katika maonyesho ya sayansi, kompyuta iliyoitwa Nimrod. Aliyeibuni ni John Bennett, mtaalamu kutoka Australia. Ilikuwa na upana wa zaidi ya mita 3 na nusu, ikiwa na mamia ya valvu za elektroniki, na kazi yake ilikuwa moja tu: kucheza nimu. Shabaha ya kampuni ilikuwa kuwaeleza wananchi jinsi kompyuta inavyofanya hesabu. Wananchi wengi walitaka kushindana na mashine tu. Mwaka huohuo ilipelekwa Berlin, ikamshinda Ludwig Erhard, Waziri wa Uchumi wa Ujerumani Magharibi, na msongamano ukawa mkubwa. Baadaye ilivunjwa.

Sasa tuuangalie mchezo wenyewe, kwani hauhitaji hata umeme. Chukua kete za bao (Wasukuma huliita isolo), au punje za mahindi. Panga mafungu matatu. Wachezaji wawili hupokezana zamu. Katika zamu yake, mchezaji huchagua fungu moja na kuondoa humo kete kadiri apendavyo, hata zote, ila asikose kuondoa japo moja. Anayechukua kete ya mwisho ndiye mshindi.

Siri ya mchezo huu ilielezwa kikamilifu na Charles Bouton, mwanahisabati wa Chuo Kikuu cha Harvard, mwaka 1901. Ligawe kila fungu katika vikundi vya 4, 2 na 1, bila kurudia kikundi kimoja katika fungu lilelile. Mathalani, mafungu yakiwa na kete 3, 4 na 5, tutapata: 3 ni 2 na 1, 4 ni 4 peke yake, 5 ni 4 na 1. Kisha hesabu vikundi vya aina moja katika mafungu yote. Vya 4 ni viwili, vya 1 ni viwili, lakini cha 2 ni kimoja, nacho hakina mwenzake. Mwenye zamu na akiondoe. Atatoa kete 2 katika fungu la 3, na mafungu yatabaki 1, 4 na 5. Kila kikundi sasa kina mwenzake. Tuseme mafungu yamo katika mizani.

Mpinzani atafanya nini? Hawezi kugusa zaidi ya fungu moja, kwa hiyo kila achukuapo huharibu mizani, apende asipende. Akitoa kete 3 katika fungu la 5, mafungu yatakuwa 1, 4 na 2. Hapo vikundi vyote vitatu vi peke yao. Usihangaike: shika fungu lenye kikundi kikubwa kilicho pweke, yaani lile la 4, utoe kete 1. Yatabaki 1, 3 na 2, ambayo yamo katika mizani tena. Anayeendelea hivyo hana budi kuchukua kete ya mwisho, kwa sababu meza tupu nayo imo katika mizani, na mpinzani wake hawezi kamwe kuifikia.

Mwanafunzi aliyesoma namba za kizio cha mbili ataona mara moja kwamba tumeandika 3 kama 011, 4 kama 100 na 5 kama 101, kisha tukauliza kama kila safu ina moja kwa hesabu shufwa au witiri. Valvu iwakayo ni moja, izimikayo ni sifuri. Nimrod haikuwa na akili iliyozidi hapo, wala simu ya leo haihitaji zaidi. Programu ya nimu haijazi hata ukurasa mmoja wa daftari.

Turudi bandani. Mgeni ashindwapo mara tatu mfululizo, yaelekea atasema, "Leo sina bahati." Hapo ndipo somo linapoanza, na mwenye banda asiipoteze nafasi hiyo. Katika nchi ya dhahabu bahati husemwa sana, na si bila sababu: duara moja hutoa mawe yenye mali, na la jirani hutoa mawe matupu. Mtu aliyezoea maneno hayo aweza kudhani kwamba kila mchezo ni wa namna hiyo. Nimu haina bahati hata chembe. Mashine ya kamari inayomeza sarafu ni kinyume chake: imepangwa ili kwa muda mrefu irudishe pungufu ya ilichomeza, na hakuna hesabu ya mchezaji itakayobadilisha mpango huo. Kijana aliyezicheza zote mbili bila kuelezwa tofauti yake ataziona ndugu. Mwalimu asiruhusu hata shilingi moja iwekwe juu ya meza ya nimu. Sheria yetu yenyewe humzuia aliye chini ya miaka 18 kushiriki michezo ya kubahatisha.

Hesabu ifuatayo yafaa kubandikwa ukutani mwa banda. Mafungu matatu, kila moja likiwa na kete 1 hadi 7, yaweza kupangwa kwa namna 343. Kati ya hizo, 42 tu ndizo zilizo katika mizani. Maana yake, mgeni akipewa zamu ya kwanza, katika mipango 301 ushindi ni wake, kama angejua. Basi apewe yeye zamu ya kwanza sikuzote, na wanafunzi wacheze wa pili. Kinachowashinda wageni ni kutojua tu, na wakionyeshwa vikundi vya 4, 2 na 1 wengi watataka kukaa tena.

Jambo moja wanafunzi huliona gumu, nalo ni kunyamaza. Mtunzi wa mchezo asimamapo kando ya mgeni hutamani kumwelekeza kidole. Asifanye hivyo. Na aandike kila hatua ya mgeni katika daftari: mafungu yalikuwaje, alitoa ngapi, alisita wapi. Jioni daftari hilo litaonyesha mahali ambapo wageni wengi walikwama, na hapo ndipo maelezo ya bandani yarekebishwe kabla ya kesho yake. Hili ni jaribio la kisayansi kama lile la maabara, isipokuwa kinachopimwa ni maelezo yetu wenyewe.

Zoezi: Mafungu yana kete 2, 6 na 7, na zamu ni yako. Zipo njia tatu za kurudisha mizani. Zitafute zote, kisha eleza kwa nini hakuna ya nne.