Mabano Yaliyozidiwa na Kilichomo

SWALI: Bwana Mhariri, napanga kitabu cha hesabu kwa TeX. Nikitia sehemu ndani ya mabano, hutokeza juu na chini, mabano yakabaki mafupi kama yaliyodumaa. Nifanyeje?

JIBU: Ndugu msomaji, programu hiyo ya Donald Knuth, iliyotoka mara ya kwanza mwaka 1978, hairefushi mabano ila kwa kuamriwa; basi tanguliza \left kabla ya bano la kufungua na \right kabla ya lile la kufunga, nayo itapima kilichomo baina yao, ikachagua kimo kinachostahiki. Amri hizi ni pacha, wala moja haikubaliki pasi na mwenziwe. Ukitaka upande mmoja uwe mtupu, andika nukta mahali pa bano, kama \right. hivi.

Hata hivyo, usizitumie kwa israfu. Jumlisho lenye mipaka juu na chini huyakuza mabano kupita kiasi, kwani programu hupima na hiyo mipaka, ilhali jicho la msomaji halitaki ila alama yenyewe izungukwe. Na ukiandika \sin\left(x\right), huzuka mwanya usiopendeza kabla ya bano. Tena, fomula haikatiki mstari baina ya pacha hao. Katika hali kama hizi mimi hujichagulia kimo kwa jicho: \bigl na \bigr, kisha kwa kupanda \Bigl, \biggl na \Biggl, kila mmoja na mwenzi wake wa kulia.