Matunzo na Ukarabati wa Vinyunyizio vya Bustani Kabla ya Kiangazi

Mji wa Bukoba hupata mvua ya wastani wa takriban milimita 2,000 kwa mwaka, kiasi ambacho ni kikubwa kuliko cha miji mingi ya Tanzania. Kwa sababu hiyo vinyunyizio vya kuchomoza, ambavyo hufukiwa ardhini katika bustani za ukoka za ofisi, taasisi na nyumba za wageni, hukaa bila kazi kwa miezi mingi. Wakati huo ukoka huvifunika, udongo huingia ndani na sisimizi hujenga humo. Ifikapo Juni, kiangazi kinapoanza, koki hufunguliwa na kasoro zote hujitokeza kwa pamoja. Inafaa ieleweke kwamba vingi kati ya vinyunyizio vinavyodhaniwa kuwa vimekufa huwa vimeziba tu. Fundi asikimbilie kununua kipya kabla ya kukisafisha cha zamani.

Namna kinavyofanya kazi

Kinyunyizio cha aina hii kina kikopo kilichofukiwa, na ndani yake mna mrija unaopanda na kushuka. Maji yanapofunguliwa, msukumo wake huuinua mrija; yanapofungwa, springi huurudisha chini ili usikatwe na mashine ya kufyekea wala kukanyagwa. Juu ya mrija pana tundu la kurushia maji, chini ya tundu pana chujio dogo, na katika kifuniko pana mpira unaozuia maji kuvuja kandokando. Kwa hiyo sehemu za kuchunguzwa ni nne: tundu, chujio, mpira na springi.

Kutambua kasoro

Kabla ya kuchimba, koki ifunguliwe na bustani yote itazamwe.

(a) Iwapo vinyunyizio vyote havichomozi, kasoro haimo katika vinyunyizio. Ichunguzwe koki kuu, pampu na kimo cha tanki. Kila mita 1 ya kimo huleta msukumo wa takriban baa 0.1, na kinyunyizio kidogo huhitaji baa 2 hivi. Tanki linalotegemewa bila pampu lapaswa basi kuwa juu ya bustani kwa mita 20 au zaidi, kwani sehemu ya msukumo hupotea njiani. Ndiyo maana bustani zilizo chini ya vilima vya Bukoba zaweza kupata msukumo wa kutosha, hali zile zilizo karibu na usawa wa tanki zikakosa.

(b) Iwapo vinavyoshindwa ni vile vilivyo mbele ya mahali fulani tu, bomba limepasuka hapo. Litafutwe eneo lenye tope au ukoka uliostawi kupita kawaida.

(c) Iwapo ni kimoja peke yake, kasoro ni yake. Kikirusha maji upande mmoja, tundu limeziba. Kikivuja shingoni, mpira umechakaa au umeshikwa na mchanga. Kikikataa kurudi chini, mrija una mchanga au umepinda, ama springi imelegea.

Kukarabati

Koki ifungwe kwanza. Ukoka ukatwe kwa duara na udongo uondolewe taratibu, uwekwe juu ya gunia ili usiingie katika bomba. Kifuniko kifunguliwe kwa mkono kwa kuzungushwa kinyume cha saa. Ishikwe vizuri springi, maana huruka. Mrija utolewe, na chujio lisuguliwe kwa mswaki wa zamani katika maji safi. Tundu lisichokolewe kwa waya, kwani likipanuka hutoa maji mengi kuliko yaliyokusudiwa na kuvipunguzia msukumo vinyunyizio vingine. Mpira usipakwe mafuta ya kula wala grisi. Mafuta hunasa mchanga, na baadhi yake hulegeza mpira.

Kabla ya kurudisha mrija, koki ifunguliwe kidogo kwa dakika moja ili maji yasukume nje uchafu uliomo katika bomba. Hatua hii husahauliwa mara nyingi, na matokeo yake chujio lililosafishwa asubuhi huziba tena jioni. Mwisho, kinyunyizio kisimamishwe wima, kifuniko kikiwa sawa na uso wa ardhi, na udongo ushindiliwe pande zote. Wanaovuta maji ya Ziwa Victoria wahakikishe kuwa pampu yao ina chujio la awali, kwa sababu maji ya ufukoni huwa na mchanga na mimea midogo.

Hasara ya kupuuza

Kinyunyizio kinachovuja lita 1 kwa dakika hupoteza lita 1,440 kwa siku, yaani ndoo 72 za lita 20. Maji hayo yangewatosha majirani kadhaa walio mwisho wa bomba, ambao wakati wa kiangazi huamka usiku kukinga maji. Katika vijiji vya Muleba ambako maji huchotwa kwa miguu, ndoo 72 ni safari 72.

Iko pia hatari ya afya. Kinyunyizio hukaa katika udongo wenye mbolea na samadi. Msukumo wa bomba kuu ukishuka ghafla, maji machafu yaweza kufyonzwa na kurudi katika bomba la maji ya kunywa. Kila bustani iliyounganishwa na bomba la mji yapasa kuwa na valvu ya kuzuia maji kurudi.

Wenye bustani kando ya ziwa wanakumbushwa kwamba Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 huzuia shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa, na kwamba kuvuta maji ya ziwa kwa pampu huhitaji kibali cha Bodi ya Maji ya Bonde la Ziwa Victoria.

Hivyo basi, ukaguzi ufanywe mwezi wa Mei, mvua za masika zikielekea ukingoni. Mswaki, ndoo na nusu siku ya kazi hutosha kwa bustani ndogo. Asiyeziba ufa hujenga ukuta.