Je, Mafundi wa Ravenna Walisahau Kuchora Miguu?

Muhula huu, tulipokuwa tukisoma habari za Dola ya Rumi, darasa letu lilionyeshwa picha nne kutoka katika kitabu kimoja cha historia. Ilipofika zamu ya picha ya nne wengi tulicheka, na mimi nilikuwa wa kwanza. Watu waliomo wamesimama mstari mmoja kama askari wa gwaride, macho yamewatoka, na miguu yao yaning'inia, mingine ikikanyagana. Mwenzetu mmoja akasema kwamba hapo sanaa ilikuwa imekwisha kufa, na mafundi wamesahau kazi. Tangu siku ile nimezitazama picha hizo mara nyingi, na sasa naona tulicheka bure. Napenda kueleza sababu.

Ya kwanza ni kazi ya Waetruski, watu waliokaa Italia ya kati kabla Roma haijawa na nguvu. Ni sanduku la wafu la udongo wa kuchoma, lililofanyizwa yapata mwaka 520 K.K. katika mji ambao leo huitwa Cerveteri. Juu yake mume na mke wameegemea kitandani kama walio karamuni, naye mume ameweka mkono begani mwa mkewe. Wote wawili wanatabasamu. Mwanamke kula karamu pamoja na mumewe mbele za watu lilikuwa jambo la kuwashangaza Wayunani, na waandishi wao waliwasema Waetruski vibaya kwa ajili hiyo. Sasa tazama miguu yao: ni myembamba, imelazwa tu kama miguu ya mwanasesere, hali vifua na mikono imejaa uhai. Wala hakuna aliyecheka darasani! Fundi alitia nguvu zake mahali alipotaka tutazame, yaani kwenye nyuso na mikono.

Ya pili ni sanamu ya marumaru ya Kaisari Augustus, iliyofukuliwa mwaka 1863 huko Prima Porta, karibu na Roma. Yapita kidogo urefu wa mita mbili. Hapa hakuna kosa la mwili: uzito umekaa juu ya mguu mmoja, mkono umeinuliwa kana kwamba asema na jeshi. Kifuani, juu ya dirii, imechongwa habari ya Waparthi kuzirudisha bendera za Kirumi walizokuwa wameziteka. Lakini je, sanamu hii yasema kweli? Augustus alifariki mwaka 14 B.K. akiwa na umri wa miaka 75 hivi, na katika sanamu zake hazeeki kamwe. Hii ni sanamu ya utawala kwanza, na ya mtu baadaye.

Ya tatu ni jeneza la marumaru la Junius Bassus, liwali wa mji wa Roma, aliyekufa mwaka 359 baada ya kubatizwa. Limechongwa safu mbili za habari za Biblia: Adamu na Hawa, Ibrahimu na Isaka, Danieli kati ya simba. Katikati ameketi Kristo, naye ni kijana asiye na ndevu, amevaa kama Mrumi. Chini ya miguu yake yuko mungu wa mbingu wa Warumi wa kale, ameshika kitambaa kilichotanda juu ya kichwa chake. Wachongaji walitumia patasi zilezile na mitindo ileile ya baba zao, wakaitia imani mpya.

Sasa twende Ravenna, Italia ya kaskazini. Majeshi ya Kaisari Justinian, aliyetawala kutoka Konstantinopoli, yaliuteka mji huo mwaka 540, na kanisa la San Vitale likawekwa wakfu mwaka 547. Ukutani mwake, karibu na madhabahu, Justinian amesimama na watu wake, na ukuta wa pili yuko mkewe, Theodora. Picha hizo hazikupakwa rangi. Zimepangwa kwa vipande vidogo vidogo, vingi vya kioo, na vingine vimetiwa dhahabu nyembamba kuliko karatasi. Nyuma ya Justinian na watu wake hakuna nyumba wala mlima, ni dhahabu tupu, na mwanga ukipita juu yake ukuta wote humetameta. Picha ya kitabuni haiwezi kutuonyesha hayo. Sisi tuliona wino tu.

Kwamba mafundi hao walijua kazi, shahidi yumo mlemle ukutani. Kando ya Justinian yuko Askofu Maximianus, jina lake limeandikwa juu yake. Ana upara, uso umekonda, macho makali. Ukimkuta njiani ungemjua. Fundi awezaye uso huo hashindwi na kiatu.

Kisha nikaitazama tena miguu. Ya askofu iko mbele kidogo, kana kwamba ndiye anayetangulia. Lakini bakuli la dhahabu alilolishika Kaisari limeufunika mkono wa askofu, kana kwamba Kaisari ndiye aliye mbele. Nani basi amemtangulia mwenziwe? Justinian hakufika Ravenna hata siku moja. Picha hii ndiyo iliyosimama kanisani badala yake, mbele ya watu waliokuwa wametekwa juzi tu. Kumweka nyuma ya askofu kungekuwa kumshusha Kaisari, na kumweka mbele kungekuwa kulishusha Kanisa katika nyumba yake yenyewe. Mimi naamini fundi aliikanyagisha miguu ile makusudi, ili asiwepo wa kwanza wala wa pili. Mwenzangu aliyesema sanaa ilikufa bado hakubali, nasi tumeafikiana kuitazama picha hiyo tena pamoja, yeye akianza na nyuso, mimi na miguu.