Dondoo Muhimu: Kuiondoa Presha katika Citroën Iliyokwisha Kazi

Ajapo kuikuta Citroën BX imelala chini kwa miaka, injini yake imekufa na matairi yamechakaa, fundi asidhani kwamba presha nayo imekufa, kwani mtambo wa haidroliki unaoibeba bodi ya gari hilo la Kifaransa, ambao ungali mzima hujazwa mafuta kwa presha ipatayo bar 170, huweza kuhifadhi baki yake kwa muda mrefu.

Basi kabla ya kufungua bomba lolote, weka wenzo wa kimo mahali pa chini kabisa, na usimruhusu mtu yeyote kuingia uvunguni, maana bodi hushuka bila kubisha hodi. Kisha itafute skrubu ya kutolea presha, iliyo katika kidhibiti cha presha kwenye injini. Ilegeze kwa spana ya namba 12, mzunguko mmoja tu, wala usiichomoe, kwa kuwa nyuma yake pana gololi ndogo. Utasikia mfoko mwembamba wa mafuta ya kijani yakirejea tangini. Ngoja hadi ukome, halafu kanyaga breki mara kadhaa.

Miwani ni lazima. Uvujaji usiupapase kwa kidole: uzi wa mafuta huweza kupenya ngozi, na jeraha hilo, hata likiwa dogo mithili ya tundu la sindano, ni la kukimbiziwa hospitali saa ile ile.

Matufe ya mtambo huo nayo hubaki na naitrojeni iliyoshindiliwa. Usiyakate kwa moto kamwe.